UZI: Ngiri adimu za ukuta wa tumbo, zinavyojificha na zinavyofanyiwa upasuaji

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Katika jukwaa hili ngiri imezungumzwa sana, lakini karibu kila mara inayozungumzwa ni ile ya kinena inayoshuka hadi kwenye korodani, au ile ya kitovu ambayo mama huiona mwenyewe anapomwogesha mtoto. Hizo hazina fumbo: mgonjwa huja na uvimbe wake mkononi, daktari humsimamisha, humwambia akohoe, na mambo yanaeleweka. Uzi huu nauanzisha kwa ajili ya zile chache ambazo mgonjwa hana uvimbe wa kuonyesha. Kwa maoni yangu, ngiri hizi haziui kwa sababu upasuaji wake ni mgumu, kwani tundu lenyewe mara nyingi halizidi ncha ya kidole na hufungwa kwa nyuzi chache. Zinaua kwa sababu tunalifikia tundu hilo siku ya nne au ya tano, utumbo ukiwa umeshakuwa mweusi.

Nianze na ile ninayoiogopa zaidi, yaani ngiri ya obturata. Mfupa wa nyonga una tundu kubwa kila upande, ambalo limezibwa na utando mgumu isipokuwa kijia chembamba upande wa juu, kinachopitisha neva na mishipa ya damu ya obturata kuelekea upande wa ndani wa paja. Kwa mtu mwenye mwili wa kawaida kijia hicho hujazwa na mafuta. Mtu akikonda sana kwa uzee au kwa maradhi ya muda mrefu, mafuta hayo huisha na kijia hubaki wazi, na ikiwa ni mwanamke aliyezaa mara nyingi, ambaye nyonga yake ni pana na tishu zake zimelegea, kipande cha utumbo mwembamba hupata njia. Wanawake hupatwa mara 6 hadi 9 kuliko wanaume, na wengi wao wamevuka miaka 70. Upande wa kulia huathirika zaidi, kwa kuwa kushoto utumbo mpana hulikalia tundu hilo na kulilinda. Mfaransa Arnaud de Ronsil aliieleza mwaka 1724, lakini ilipita zaidi ya karne moja ndipo Henry Obre alipofanikiwa kuirekebisha, mwaka 1851.

Picha ya mgonjwa ni moja na inajirudia: bibi mwembamba, anatapika, tumbo limejaa gesi, choo hakipatikani, tumboni hana kovu lolote la upasuaji wa zamani, na kinena ukikipapasa pande zote mbili ni kitupu. Ukimuuliza vizuri atakwambia kwamba paja lilianza kumuuma kabla ya tumbo, au kwamba miezi iliyopita alipata maumivu kama hayo yakaja na kuondoka. Maumivu hayo ya paja huandikwa kwenye cheti kuwa ni baridi yabisi, hupewa dawa ya kuchua, na hapo ndipo siku zinapoanza kupotea. Kumbe neva ya obturata imebanwa na utumbo ndani ya kijia kile. Mlaze chali, unyooshe mguu wake taratibu, uupeleke nje kidogo na kuuzungusha kuelekea ndani. Maumivu yakikimbia upande wa ndani wa paja kuelekea gotini, kisha yakapungua anapokunja nyonga, umepata ishara ya Howship na Romberg. Ishara hii huonekana kwa wagonjwa wasiozidi nusu, kwa hiyo ikikosekana haikupi ruhusa ya kuiondoa ngiri hiyo kwenye mawazo yako.

Ipo njia nyingine ambayo haihitaji chochote zaidi ya nyundo ndogo ya daktari. Weka kidole chako kikiwa kimelala juu ya misuli ya ndani ya paja, kiasi cha sentimita 5 juu ya goti, kisha gonga kidole hicho. Msuli wenye neva nzima hushtuka chini ya kidole. Usiposhtuka, ilhali goti la mguu huohuo likigongwa linaruka kama kawaida, basi neva ya obturata ina tatizo. Kipimo hiki kilielezwa na Hannington-Kiff mwaka 1980, nacho huchukua muda mfupi kuliko kuandika fomu ya eksirei. Kupima kwa kidole ukeni au kwenye njia ya haja kubwa nako huweza kugusa kijivimbe chenye maumivu upande mmoja wa nyonga. Palipo na mashine ya CT, ile ya picha za vipande vya ndani ya mwili, ubishi huisha mapema, kwani kipande cha utumbo huonekana kimelala kati ya msuli wa pektineo na msuli wa obturata wa nje, mahali ambapo utumbo hauna shughuli yoyote.

Ya pili ni ngiri ya Spiegel, iliyopewa jina la Adriaan van den Spiegel, mwanaanatomia aliyezaliwa Brussels na kufundisha Padua hadi alipofariki mwaka 1625. Yeye aliueleza mstari uliopinda ambapo misuli ya pembeni ya tumbo hugeuka kuwa utando, na Josef Klinkosch ndiye aliyeieleza ngiri yenyewe mwaka 1764. Inakadiriwa kuwa ngiri 1 hadi 2 katika kila 100 za ukuta wa tumbo. Hutokea pembeni mwa ule msuli mrefu wa mbele, chini kidogo ya kitovu, katika ukanda wenye upana wa sentimita 6 hivi unaokatiza juu ya mstari unaounganisha ncha mbili za mbele za mifupa ya nyonga. Ujanja wake ni kwamba hupenya tabaka za ndani tu, halafu hukutana na utando wa msuli wa mshazari wa nje ambao ni imara, ikashindwa kutokeza na ikatambaa kati ya tabaka. Mgonjwa hulalamika maumivu ya sehemu moja anayoweza kuionyesha kwa kidole kimoja, hasa anapoinua ndoo au kukohoa jioni baada ya kazi, lakini ukimtazama huoni kitu.

Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kipimo cha Carnett kinastahili kufanywa kabla ya picha yoyote. Bonyeza pale panapouma akiwa amelala, kisha mwambie ainue kichwa na mabega bila kujishika. Misuli ikikaza na maumivu yakabaki au yakaongezeka, chanzo kiko kwenye ukuta wa tumbo. Yakipungua, chanzo kiko ndani zaidi, kwa sababu misuli imeyakinga. Halafu muombe mpimaji wa altrasaundi ampime akiwa amesimama na akijikamua, kwa maana altrasaundi ya mtu aliyelala kimya inaweza kuipita ngiri hii bila kuiona. Shingo ya kifuko chake ni nyembamba na kingo zake ni ngumu, kwa hiyo hunyongwa kwa urahisi, yaani kilichomo hubanwa hadi damu isikifikie. Huyu hatumwambii arudi baada ya miezi sita tuone inaendeleaje, hupangiwa upasuaji.

Tabibu wa wilayani

Daktari, shukrani kwa somo. Nina swali la mazingira yetu. Kituo changu kina eksirei na altrasaundi, CT iko hospitali ya mkoa, mwendo wa saa tano barabara ikiwa nzuri. Akija bibi wa aina uliyoieleza, je, nimpeleke kwanza akapigwe CT ili daktari wa upasuaji ajue anachokwenda kukuta, au tufungue tumbo hapahapa kwa kuwa daktari wetu anaweza upasuaji wa utumbo? Kuna wakati tunalaumiwa kwa kufungua bila picha.

Mwanzisha uzi

Mkuu, CT ni nzuri na ikiwa iko jengo la pili mpige. Lakini utumbo ulioziba kwa mtu asiye na kovu la upasuaji wa zamani tayari ni sababu ya kufungua tumbo, ziwe picha zimesema au hazijasema, kwa kuwa mishikamano ya makovu, yaani utumbo kugandana baada ya upasuaji wa zamani, ndiyo pekee tunayoweza kuivumilia kwa kusubiri, naye hana kovu. Ikiwa daktari wenu anaweza kukata na kuunganisha utumbo, na mtu wa usingizi yupo, saa tano za barabarani zinampunguzia bibi huyo nafasi kuliko ukosefu wa CT. Kama hayupo, mpeleke kwa ajili ya upasuaji wenyewe, na barua ya rufaa itamke hivyo.

Kinachowaua wengi hapa ni kuharakisha kisu huku mwili ukiwa mkavu. Mpe maji ya mishipani, mpira wa puani wa kutoa maji ya tumbo, mpira wa mkojo ili ujue figo zinafanya kazi, na dawa za kuzuia maambukizi. Saa mbili tatu za maandalizi si saa zilizopotea. Mwambie mtu wa usingizi mapema kwamba tumbo limejaa na mgonjwa anaweza kutapika wakati wa kulazwa, kwani kuvuta matapishi kwenye mapafu kwa bibi wa kilo 38 ni jambo ambalo haliponi kwa urahisi.

Kuhusu upasuaji wenyewe: chale ya katikati chini ya kitovu, kisha ufuate utumbo kutoka pale ulipolegea kurudi nyuma hadi pale ulipovimba. Mpaka wa hali hizo mbili utakupeleka moja kwa moja ndani ya nyonga, nawe utaukuta utumbo umeingia kwenye tundu kando ya mfupa kama uliofungwa kamba. Usiuvute kwa nguvu. Vuta taratibu huku msaidizi akisukuma kutoka upande wa juu wa paja. Ukikataa, panua utando wa tundu kwa mkato mfupi unaouona kwa macho, ukikumbuka kwamba neva na mishipa ya damu inapita hapohapo na ikikatika damu yake ni ngumu kuifikia. Utumbo ukishatoka, ufunike kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, usubiri kiasi cha dakika kumi, kisha uuangalie rangi, mapigo ya mishipa midogo na kama unajisogeza ukiguswa. Ukirudi kuwa wa waridi mrudishie. Ukibaki mweusi au wa kijani, kata na uunganishe.

Mara nyingi katika ngiri hii unaonyongwa si mzingo mzima wa utumbo bali sehemu ya ukuta wake tu, hali ambayo August Gottlieb Richter aliichambua mwaka 1778. Huu ni mtego mbaya, kwa sababu njia ya utumbo haizibi kabisa, mgonjwa anaendelea kutoa gesi na hata choo, na wodini watu wanaandika kwamba anaendelea vizuri ilhali kipande cha ukubwa wa sarafu kinaoza. Kwa hiyo ukishautoa utumbo, ugeuze na uangalie ukingo ulio mkabala na ule unaoshikwa na mishipa yake ya damu. Kabla ya kufunga, papasa na tundu la upande wa pili.

Mdau wa Morogoro

Samahani wataalamu, mimi si mtu wa tiba. Ndugu yangu alianguka na bodaboda mwaka juzi, usukani ukampiga ubavuni nyuma. Alipona michubuko lakini akabaki na uvimbe laini kiunoni, kati ya mbavu na mfupa wa nyonga, unaoongezeka akisimama na kupotea akilala kifudifudi. Kituo cha kwanza walisema ni mafuta tu, cha pili wakasema ni jipu lililokomaa na wanataka kulitumbua. Je, yaweza kuwa ngiri na mgongoni?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, uvimbe unaopotea mtu akilala si jipu, na tafadhali usitumbuliwe na mtu yeyote kabla haujapigwa picha. Siwezi kumpima mgonjwa kupitia jukwaa, lakini ulivyoeleza unatosha kabisa kudai kwamba ngiri ya kiuno ithibitishwe au iondolewe kwanza.

Ukuta wa nyuma wa tumbo una sehemu mbili dhaifu. Ya chini inaitwa pembetatu ya Petit, nayo imepakana na ukingo wa mfupa wa nyonga chini yake, msuli wa mshazari wa nje mbele na msuli mpana wa mgongo nyuma. Ya juu, iliyo chini ya ubavu wa 12 na ambayo Grynfeltt aliieleza mwaka 1866, ndiyo inayotoa ngiri zaidi zinazojitokeza zenyewe bila ajali. Ngiri za kiuno ni chache kiasi kwamba maandishi ya kitabibu kwa miaka mingi yamekuwa yakirudia hesabu ya wagonjwa 300 hivi walioripotiwa. Mimi naamini idadi halisi ni kubwa kuliko hiyo, kwa sababu wengi hubaki wameandikwa kuwa ni uvimbe wa mafuta. Takribani mmoja kati ya watano huzaliwa nayo. Wengine huipata baada ya upasuaji wa figo, baada ya kuchukuliwa kipande cha mfupa wa nyonga, au baada ya pigo kama la ndugu yako, ambapo misuli hung'oka kwenye mfupa na ngozi ikabaki nzima.

Ndani ya uvimbe huo panaweza kuwa na utumbo mpana, figo au mafuta tu, na CT ndiyo inayotofautisha. Kutumbua utumbo mpana ukidhani ni jipu humletea mtu kinyesi kinachotokea mgongoni, na kulitibu hilo ni kazi ya miezi. Ikithibitika, urekebishaji wake ni wa wavu wa plastiki unaowekwa kati ya utando wa tumbo na misuli, ukitanda vizuri kupita kingo za tundu. Na kwa kuwa upande wa chini ni mfupa mtupu, daktari wakati mwingine hulazimika kuufunga wavu kwenye mfupa wenyewe. Kushona misuli peke yake hapo, kwa mtu aliyeumia, sikushauri, kwa sababu misuli iliyong'oka haina kitu cha kushikilia uzi.

Daktari, Mombasa

Mwenzangu, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila kuhusu wavu nadhani tuweke tahadhari zaidi. Wasomaji wataondoka wakidhani kila ngiri adimu inahitaji wavu. Huku kwetu wavu wa kiwandani mgonjwa hununua mwenyewe, na kwa wengi bei yake inazidi gharama ya upasuaji mzima. Tena nyingi ya ngiri hizi tunazikuta zimeshanyongwa na utumbo umeshatoboka. Unaweka kitu kigeni kwenye usaha?

Mwanzisha uzi

Daktari, hoja yako ya pili sina ubishi nayo. Palipo na usaha au kinyesi siweki wavu wa plastiki. Tundu la obturata hulifunga kwa nyuzi chache kwenye utando wake, au nikavuta utando wa tumbo, kibofu au mfuko wa uzazi kuliziba, na kwa bibi wa miaka 85 hilo linatosha, kwa sababu lengo letu usiku huo ni kumtoa hai. Ngiri ya Spiegel isiyo na uchafu, yenye tundu dogo, nayo inaweza kushonwa kwa nyuzi zisizoyeyuka, tabaka za ndani kwanza na utando wa nje baadaye; likizidi sentimita 2 hivi napendelea wavu.

Kuhusu bei, jibu zuri limetoka jirani. Mashariki mwa Uganda ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la New England Journal of Medicine, ambapo wanaume 302 wenye ngiri ya kinena waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakawekewa wavu wa kiwandani na wengine wavu wa bei nafuu uliokatwa kutoka kitambaa cha aina ya chandarua na kutakaswa. Baada ya mwaka mmoja ngiri ilikuwa imerudi kwa asilimia 0.7 ya waliowekewa ule wa bei nafuu na haikurudi kwa yeyote wa kundi jingine, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Utakasaji wake ni mvuke wa nyuzi 121, kwani plastiki yake haihimili joto kali kama wavu wa kiwandani. Na chandarua cha dukani chenye dawa ya mbu hakihusiki hata kidogo. Utafiti ule ulihusu ngiri ya kinena, kwa hiyo anayeutumia wavu huo kwenye kiuno au pembeni mwa tumbo anajenga juu ya ushahidi wa jirani. Mimi ningefanya hivyo, mgonjwa akieleweshwa.

Na kwa kuwa umetaja usaha, yapo mazingira ambayo swali la wavu huamuliwa na kilichomo ndani ya kifuko. Mwaka 1735 Claudius Amyand, daktari wa upasuaji wa hospitali ya St George's jijini London, alifungua ngiri ya kinena ya mvulana wa miaka 11 akakuta kidole tumbo kimetobolewa na pini. Alikikata, mtoto akapona, na huo ndio upasuaji wa kwanza uliofanikiwa wa kuondoa kidole tumbo tunaoufahamu. Kidole tumbo kikikutwa kizima ndani ya ngiri, kirudishwe na wavu uwekwe, ingawa kwa kijana wapo wanaokiondoa. Kikiwa kimevimba, kiondolewe kupitia hapohapo kwenye ngiri na tundu lishonwe bila wavu. Usaha ukiwa umeenea tumboni, ngiri inasubiri na tumbo linafunguliwa katikati. Hapo hata daktari mwenye wavu kumi kabatini hana cha kuchagua.

Muuguzi wa thieta

Mimi niulize la upasuaji wa matundu, ule wa kamera. Mashine ipo hapa kwetu lakini hutumiwa kwa ngiri za kawaida tu. Je, kwa hizi adimu inafaa?

Mwanzisha uzi

Dada, kwa ngiri ya Spiegel inafaa sana, ikiwa mgonjwa si wa dharura. Ukitazama kwa kamera kutoka ndani, tundu ambalo kwa nje lilikuwa limefichwa na utando wa msuli linaonekana wazi, na mgonjwa hurudi nyumbani mapema. Kwa njia ya wazi daktari hukata ngozi na mafuta akakutana na utando mzima usio na dosari, na asiyeijua ngiri hii anaweza kufunga akisema hajaona kitu. Ni lazima aufungue utando huo ndipo kifuko kijitokeze. Kwa sababu hiyo, ile ya wazi iwekewe alama ya kalamu kwenye ngozi mgonjwa akiwa amesimama, kabla hajalala mezani na uvimbe kupotea. Kwa obturata iliyonyongwa na tumbo lililojaa gesi, kamera haina nafasi ya kuona; huko tunafungua.

Tabibu wa wilayani

La mwisho, daktari. Je, ya Spiegel ni ya watu wazima pekee? Nina mtoto wa kiume wa miezi minane hapa, ana uvimbe pembeni chini ya kitovu upande wa kushoto, unatokeza akilia.

Mwanzisha uzi

Wengi ni watu wa miaka 40 hadi 70, lakini watoto huzaliwa nayo pia. Kwa mvulana, papasa mfuko wa korodani wa upande huohuo kabla hujaandika rufaa. Watoto hawa wana kawaida ya kukosa korodani upande wenye ngiri, na mara nyingine korodani hiyo hukutwa ndani ya kifuko cha ngiri. Ukikuta mfuko ni mtupu, andika hivyo kwenye barua na umpeleke kwa daktari wa upasuaji wa watoto, ili vyote viwili vishughulikiwe kwa usingizi mmoja.